Kioo Kibovu na Neno la Siri Lililosahaulika: Niliyojifunza kwenye Laptopu ya Katibu wa Kikundi

Kompyuta yenye ubovu wa aina moja humsumbua fundi, lakini yenye ubovu wa aina mbili humdanganya. Kioo kisipoonyesha kitu huwezi kujua kama mashine imekataa neno la siri au haijafika hata mahali pa kuliomba, na mteja anayekusimulia tatizo naye anasimulia alichokisia, kwa kuwa hakuona chochote. Ndivyo ilivyokuwa kwa laptopu iliyoletwa kwangu hapa Morogoro mwezi Novemba, na ninaieleza kazi hiyo kwa kirefu, kwa ridhaa ya mwenyewe, kwa sababu mafaili yake yalibakiza hatua moja tu kupotea kabisa, na hatua hiyo ndiyo ambayo mafundi wengi huianza nayo.

Mwenye mashine ni mwalimu wa sekondari, na pia ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Hisa za wanachama, mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii vyote vilikuwa kwenye jedwali la Excel ndani ya laptopu hiyo. Daftari la karatasi lilikuwapo, lakini liliachwa kujazwa katikati ya mwaka pale wanachama walipokubaliana kwamba kuandika mara mbili ni kujichosha. Mgao ulikuwa Desemba. Waliokwisha kuvunja kikundi mwisho wa mwaka wanajua maana yake: kila mtu ana ada, saruji au sikukuu aliyokwisha kuipangia ile fedha, na katibu asiye na hesabu hutazamwa kwa macho ambayo hakuyazoea. Simu yake iliita mara kadhaa wakati tukizungumza, na kila ilipoita aliigeuza kifudifudi.

Historia ya ubovu ilikuwa hivi. Watoto walikuwa wakiichezea, hivyo akabadilisha namba ya kuingilia. Baadaye bawaba ya kifuniko ikaanza kulia, kioo kikaanza kupepesa, kisha ikatokea mistari ya wima na doa jeusi kwenye pembe, na yeye akaiweka kabatini akisubiri fedha za matengenezo. Alipoitoa kwa ajili ya hesabu za mgao, namba ilikuwa imemtoka kichwani. Alijaribu tarehe za kuzaliwa za watoto wote, na katikati ya ile mistari akabahatika kusoma kwamba mashine inamtaka aandike A1B2C3. Aliamini ni kirusi. Kumbe ni ulinzi wa kawaida wa Windows: namba ikikosewa mara nyingi mfululizo, mfumo humtaka mtumiaji aandike herufi hizo ili kuthibitisha kwamba kuna mtu anayebonyeza kwa makusudi.

Akaipeleka kwa fundi wa kwanza, ambaye alimwambia dawa ni kupiga Windows upya, yaani kufuta kilichomo na kuiweka tena, kazi ya shilingi elfu ishirini na ya jioni moja. Fundi huyo alijaribu kuiwasha kwa flashi, ikakataa, akaingia kwenye mipangilio ya msingi na kubadilisha mambo, na tangu hapo kioo hakikuonyesha cha maana tena. Kwa bahati nzuri Mwalimu alikuwa na haraka, akaidai mashine yake na kuondoka nayo.

Nilipomwamkia na kumpa kiti, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Fundi, mimi kompyuta siitaki. Nataka mafaili yangu." Sentensi hiyo iliamua mpangilio mzima wa kazi, na sasa naitafuta kwa kila mteja kabla sijashika bisibisi, kwa sababu yupo anayetaka mashine, yupo anayetaka yaliyomo, na kazi hizo mbili wakati mwingine zinapingana.

Kabla ya yote kulikuwa na suala la umiliki. Mtu anapoleta kompyuta asiyoweza kuifungua, fundi analazimika kujiuliza kama kweli ni yake, hata kama aliyeketi mbele yake ni mwalimu wa watoto wa mtaa mzima. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo ina la kusema kuhusu majina na fedha za watu wengine zilizohifadhiwa humo. Mashine ilinunuliwa ikiwa imetumika na risiti ilikwisha kupotea. Nilimwomba kitambulisho cha taifa na barua fupi ya kikundi yenye saini ya mwenyekiti na mweka hazina, na nikamwambia wazi kwamba endapo jina la akaunti ndani ya mashine halitakuwa lake, kazi itaishia hapo. Alikasirika. "Kwa hiyo unaniona mwizi?" Nilimjibu kwamba siku laptopu yake ikiibwa, angependa fundi wa mji mwingine amwulize mwizi maswali hayo hayo. Kesho yake barua ilikuwa mezani. Nilipiga picha mashine pande zote, nikaandika kwenye fomu mikwaruzo na skrubu zilizokosekana, naye akasaini. Skrubu zilizokosekana zina habari yake: zilinionyesha kwamba mtu amekwisha kuifungua.

Sasa kioo. Kipimo cha kwanza hakina gharama: washa mashine, zima taa ya chumba, mulika kioo kwa tochi ukiwa umeiinamisha pembeni. Ukiona maandishi hafifu, picha ipo na kilichokufa ni mwanga wa nyuma. Kipimo cha pili ni kufungua na kufunga kifuniko polepole; mistari ikibadilika kulingana na pembe, mshuku waya unaopita kwenye bawaba kabla ya kukishuku kioo chenyewe. Kipimo cha tatu ni monita ya nje kwa waya wa HDMI. Picha ikitoka safi nje, chipu ya picha iko salama na ubovu umo ndani ya kifuniko. Katika mashine za Dell kuna kipimo cha ziada: ukishikilia herufi D huku ukiiwasha, kioo hupitisha rangi tupu moja baada ya nyingine bila kuhitaji Windows, na mistari ikionekana hata hapo, usipoteze muda kuhangaika na programu.

Kwa laptopu ya Mwalimu, tochi haikuonyesha kitu cha kusomeka, mistari ilicheza kila kifuniko kiliposogea, na monita ya nje ilibaki nyeusi. Mtu angeweza kuhukumu papo hapo kwamba bodi kuu imekufa. Lakini laptopu nyingi, katika hatua za mwanzo kabla Windows haijapanda, hupeleka picha kwenye kioo chake pekee, na monita ya nje hupata zamu yake baadaye. Ikiwa mashine imekwama katika hatua hizo za mwanzo, maandishi yanaandikwa mahali ambapo hakuna anayeweza kuyasoma. Dawa ni kuitenga mashine na kioo chake, ili ikose pa kupeleka picha isipokuwa nje.

Hapa niwaombe mafundi wenzangu wanaoanza: betri itolewe kwanza. Kutoa chaja peke yake hakutoshi. Umeme wa mwanga wa nyuma unapita kwenye waya ule ule mwembamba unaopeleka picha kwenye kioo, na ukiuchomoa au kuuchomeka mashine ikiwa na betri, pini zikigusana kwa upande hata kidogo, fyuzi ndogo kwenye bodi inaungua. Utakuwa umegeuza tatizo la kioo kuwa tatizo la bodi, na mteja hatakuwa na njia ya kujua ni nani aliyelileta.

Nilifungua fremu, na nikakuta bawaba ya kushoto imeng'oka kwenye plastiki na kushikizwa kwa gundi ya supa, na waya wa kioo ukiwa umebanwa katikati hadi ganda limechubuka. Nikauchomoa, nikarudisha betri, nikawasha. Monita ikawaka rangi ya bluu. Ulikuwa ni ukurasa wa BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski nzima, ukidai ufunguo wa kurejesha, tarakimu 48.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alipoona picha alishangilia, kisha akasoma, akanyamaza.

Kwenye kompyuta nyingi za Windows 11, mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft wakati wa kuianzisha, diski husimbwa fiche yenyewe, yaani yaliyomo hugeuzwa yasisomeke bila ufunguo, bila kumsumbua kwa maswali mengi, na ufunguo wake wa tarakimu 48 huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo mtandaoni. Siku za kawaida hauombwi, kwa sababu chipu ya usalama iliyo ndani ya mashine huutoa kimya kimya baada ya kujiridhisha kwamba mipangilio ya kuwasha haijaguswa. Ikiguswa, chipu hukataa, na ukurasa wa bluu hutokea. Fundi wa kwanza, katika kutafuta njia ya kuwasha kwa flashi, alizima ulinzi unaoitwa Secure Boot, unaozuia mashine kuwashwa na programu isiyoaminika. Kwa hiyo mwenye mashine alikuwa na kufuli mbili, na ya pili haikuwapo alipotoka nyumbani kwake.

Wengi wakifika hapo huanza kuhangaika kutafuta tarakimu. Kitu cha kwanza kinachofaa ni kurudisha kilichobadilishwa. Niliingia kwenye mipangilio, nikawasha Secure Boot, nikahifadhi, nikazima na kuwasha. Ukurasa wa bluu haukutokea tena, na badala yake ukaja ukurasa wa kuingilia wenye jina la Mwalimu, jina lile lile lililo kwenye kitambulisho. Si kila mara hurudi kirahisi hivyo. Chipu yenyewe ikiwa imefutwa, hakuna namna ila tarakimu 48, na ndiyo sababu sipendi kuona mtu akibonyeza kila kinachobonyezeka kwenye mipangilio hiyo.

Fikirini sasa kama ile kazi ya elfu ishirini ingefanikiwa. Kwenye diski ya zamani isiyosimbwa, hata ukipiga Windows juu yake, mara nyingi kuna programu za kuokoa sehemu ya mafaili. Kwenye diski iliyosimbwa, ukifuta na kuanza upya unafuta pia njia ya kuyasoma yaliyokuwapo, na hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Ulaya atakayeyarudisha. Nasema hivi bila kumdharau mwenzangu. Miaka michache iliyopita kupiga Windows ilikuwa dawa ya kila kitu, na tulizoea kuchomoa diski, kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine na kunakili kilichomo ndani ya saa moja. Mashine zimebadilika, mazoea yetu hayajabadilika.

Kufuli iliyobaki, ile ya namba iliyosahaulika, ilihitaji uvumilivu kuliko ufundi. Kwa kuwa akaunti ilikuwa ya Microsoft, neno la siri hubadilishwa mtandaoni kwa simu yoyote, na mfumo hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu au barua pepe iliyosajiliwa. Barua pepe ya pili ya Mwalimu ilikuwa ya kazini na hakuifungua kwa miaka. Namba ya simu ilikuwa ya laini aliyoipoteza pamoja na simu yake. Huu ndio wakati aliokata tamaa kweli, akasema pengine angewaambia tu wanachama ukweli. Nilimwuliza kama laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake. Ilikuwa hivyo, na ilikuwa haijapewa mtu mwingine, kwa hiyo alikwenda kwenye duka la kampuni ya simu, akaweka alama za vidole, akarejeshewa namba ile ile. Kama ingekuwa imekwisha kugawiwa, kungebaki fomu ya kudai akaunti, ambayo huuliza maswali ya kumtambua mwenyewe na haina uhakika wa jibu. Kubadilisha taarifa zote za usalama kwa pamoja nako kuna kungoja siku 30, na mgao usingeweza kungoja.

Ujumbe ulipoingia kwenye simu yake alininyooshea nisome. Nilikataa. Namba ya uthibitisho huandikwa na mwenye akaunti kwa vidole vyake mwenyewe, na anayekuomba umtajie kwa simu ili akusaidie, awe fundi au nani, mkatie. Neno jipya nalo alilichagua nikiwa nimegeukia upande mwingine.

Kuna jambo dogo huwakwamisha wengi baada ya hapo. Neno la siri limebadilishwa mtandaoni, lakini laptopu haijui. Bado inakumbuka lile la zamani hadi iunganishwe na intaneti. Kwenye pembe ya chini kulia ya ukurasa wa kuingilia kuna alama ya mtandao, na unaweza kuunganisha hapo hapo kwa intaneti ya simu. Ikiwa mashine inakubali namba fupi peke yake na haionyeshi pa kuandika neno la siri, chini ya kisanduku kuna maneno ya kwamba umesahau namba. Ukiyabonyeza ikiwa mtandaoni, inauliza neno la siri jipya la akaunti kisha inakuruhusu kuweka namba nyingine. Tulipita njia hiyo, na mafaili yakafunguka.

Wakati huo kioo kilikuwa bado mezani kimelala kifudifudi, na nilikiacha hivyo kwa makusudi. Kwanza Mwalimu aliingia aka.ms/myrecoverykey, akalinganisha herufi nane za kwanza za utambulisho wa ufunguo, akanakili tarakimu 48 kwa kalamu na kuzisoma upya kwa sauti. Kisha akanakili folda ya kikundi kwenye diski ya nje, na nyingine akajitumia kwenye barua pepe. Mkono wangu haukugusa mafaili yale. Fundi hana haja ya kujua nani katika mtaa wake anadaiwa kiasi gani.

Hapo nilimweleza ukweli kuhusu gharama, na si kila fundi angependa niuandike. Kama haja yako ni hesabu tu, kazi imekwisha. Unaweza kuitumia laptopu na monita ya mezani iliyotumika, ambayo utaipata kwa bei ndogo kuliko kioo kipya, na fedha nyingine ukaiweka akiba. Kioo, waya na bawaba pamoja na ufundi vingefika karibu laki mbili na nusu, ilhali laptopu iliyotumika yenye nguvu kama hiyo nilikuwa naiona ikiuzwa laki nne na nusu. Alifikiri usiku mzima na kuchagua kutengeneza, kwa kuwa huibeba kwenda kwenye vikao.

Kioo nilikifuata Kariakoo. Treni ya umeme imerahisisha mambo. Unakwenda Dar es Salaam asubuhi na jioni uko nyumbani, na sehemu niliyoijaribu dukani ina thamani kuliko iliyotumwa kwa basi ikiwa imefungwa kwa gazeti. Kwa wanaonunua wenyewe: usitaje jina la laptopu peke yake, kwa sababu modeli moja hutoka kiwandani na vioo tofauti. Beba kioo cha zamani, au piga picha karatasi iliyobandikwa mgongoni mwake. Muuzaji atakuuliza pini ngapi, nayo kwa kawaida ni 30 au 40, na cha kugusa si sawa na kisichogusika hata kama ukubwa ni ule ule wa inchi 15.6. Angalia pia kama kina masikio ya skrubu na kama soketi iko upande ule ule. Muuzaji wa kwanza alinihakikishia kwamba cha pini 40 "kinaingia tu". Hakiingii. Usiibandue karatasi ya kukinga uso wa kioo kabla ya kukijaribu, kwa kuwa ikishatoka hakuna duka litakalokirudisha, na kijaribu kwa rangi nyeupe tupu na nyeusi tupu ili uone vidoa. Vioo vilivyotolewa kwenye mashine mbovu ni vya bei nafuu, ila mwanga wake mara nyingi umechoka, na sivipendekezi kwa mtu anayefanya kazi usiku.

Bawaba ilichukua muda kuliko kioo. Gundi ya supa ilibidi ikwanguliwe yote, plastiki ikajengwa upya kwa gundi ya sehemu mbili na kuachwa ikauke hadi siku ya pili, kisha bawaba yenyewe ikalegezwa kidogo. Ukibadilisha kioo na waya huku bawaba ikibaki ngumu, itaung'oa na kuubana waya mpya kama ilivyoubana wa kwanza, na mteja atarudi akisema umemuuzia kioo kibovu.

Mwalimu aliuliza ahifadhi wapi ile karatasi ya tarakimu 48. Nilimwambia kwenye sanduku la kikundi, lile lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Alicheka, lakini kikao kilichofuata kiliafiki, na wakaamua pia kwamba mweka hazina awe na nakala ya jedwali kila mwezi. Mgao ulifanyika.

Kwa walio na akaunti ya ndani ya kompyuta isiyohusiana na mtandao, njia ni nyingine: tangu mwaka 2018 Windows huwataka kuweka maswali matatu ya usalama, na ukikosea neno la siri utaona pa kuyajibu. Tatizo ni kwamba wengi walijaza herufi zozote ili wapite haraka. Mwezi mmoja baada ya kazi hii alikuja kijana wa chuo mwenye hali hiyo hiyo, diski yake ikiwa imesimbwa na fundi wa ofisi aliyokwisha kuiacha, ufunguo haupo kwenye akaunti yoyote. Nilimweleza kwamba tasnifu yake imo humo na haitatoka, nikamwomba atafute kwenye barua pepe rasimu alizowahi kumtumia msimamizi wake. Alipata sura mbili. Sikumtoza chochote.